Kuipunguza Feni Bila Kuiunguza

Pale Ifakara, feni ndogo ya umeme wa betri ina kazi mbili. Ya kwanza inafahamika kila mahali: kupoza kompyuta, iwe ya duka la steshenari au seva ya ofisini. Ya pili imeletwa na Bonde la Kilombero lenyewe: kuvuta mbu, au kupeperusha harufu ya kuwavutia. Katikati ya miaka ya 1950 Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha hapa maabara ambayo baadaye ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, na tangu hapo mbu wa bonde hili wamekuwa wakinaswa, wakihesabiwa na kuchunguzwa. Sehemu kubwa ya mitego iliyotumika miongo ya karibuni inategemea feni. Mtego wa taa wa CDC, ambao Sudia na Chamberlain waliutangaza mwaka 1962, huendeshwa kwa betri ya volti 6. Mtego wa BG-Malaria, uliofanyiwa majaribio Ifakara na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2017, unatumia feni ya volti 12. Nancy Matowo na wenzake walipoeleza mwaka 2013 sanduku lao la mbao la kuwavuta na kuwaua mbu wanaouma nje ya nyumba, ndani yake mlikuwa na feni ya sola inayopuliza harufu ya binadamu usiku.

Hivyo swali la jinsi ya kuipunguza kasi feni yenye nguvu kwa usalama lina uzito wa pekee hapa. Kwa mwenye kompyuta ni suala la kelele, joto na kifaa kutoungua. Kwa mtafiti wa mbu ni suala la takwimu pia, kwa sababu feni iliyobadilisha kasi katikati ya usiku imebadilisha kipimo.

Majibu mengi yanayopita kwenye vibanda vya mafundi yana wazo moja ndani yake: ibane feni umeme, itapunguza mwendo. Mimi naona wazo hilo ndilo chanzo cha feni nyingi kuungua. Feni yenye waya wa amri ipewe umeme wake kamili na uliotulia, halafu iamriwe mwendo. Isiyo na waya huo ishushiwe volti kwa kifaa kinachobadilisha umeme, si kwa kitu kinachougeuza umeme kuwa joto. Na kabla ya kuwasha chochote, mtu ajue feni itafanya nini siku udhibiti utakapokufa.

Kwanza nguvu yenyewe. Feni ya kompyuta ya mezani yenye upana wa milimita 120 hula wati 2 au 3 tu, na huzunguka mara 1,000 hadi 1,500 kwa dakika. Feni ya seva inaweza kuwa na upana huohuo lakini unene wa milimita 38, ikala wati 20, 30 au zaidi, na kupita mizunguko 4,000. Zikiwekwa mezani bila umeme zinafanana kiasi cha kumdanganya mtu. Kidole kikigusa mapanga ya ile ya kwanza, mtu anashtuka. Kikigusa ya pili, anachanika. Kwa hiyo wavu wa chuma pande zote mbili ndilo jambo la kwanza, kabla ya waya wowote. Soketi ya feni kwenye bodi kuu ya kompyuta kwa kawaida imewekewa ukomo wa ampea 1 hivi. Feni inayotaka ampea 2 ikichomekwa pale, njia ya umeme kwenye bodi ndiyo itakayolipa. Feni kubwa ichukue umeme moja kwa moja kwenye pawasaplai au betri, na bodi ibaki na kazi ya kutoa amri tu.

Kuna kanuni ya feni ambayo kila anayeishika angefaa kuijua, maana ndiyo inayofanya kupunguza kasi kuwe na faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Hewa inayosukumwa hupanda sawia na mizunguko. Msukumo wa hewa hiyo hupanda kwa mraba wa mizunguko. Umeme unaoliwa hupanda kwa mchemraba wake. Chukua feni ya wati 24, yaani ampea 2 kwa volti 12, inayozunguka mara 4,000 kwa dakika, uishushe hadi 2,000: hewa inabaki nusu, msukumo unabaki robo, na umeme unabaki thumuni, kama wati 3. Kiuhalisia inazidi hapo kidogo, kwa kuwa saketi ya feni yenyewe nayo ina chake. Sasa iweke kijijini, tangu saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Kwa kasi kamili itamaliza ampea-saa 24, na hapo unahitaji betri ya gari kwa kila mtego. Kwa nusu ya kasi itamaliza kama ampea-saa 3, na betri ndogo ya ampea-saa 7, ile inayokaa ndani ya UPS, itavuka usiku bila taabu. Kelele nazo zinashuka kwa desibeli 15 hivi, na hilo si dogo kwa mwenye nyumba aliyekubali mtego uning'inie kando ya chandarua chake.

Kanuni hiyohiyo inasema jambo lisilopendeza kwa mwenye kompyuta. Chuma cha kupozea hakiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayokipita. Chumba cha nyuzi 34 badala ya 22 kinaipandisha chipu nyuzi 12 palepale, kwa kazi ileile na feni ileile. Ukijaribu kuzirudisha nyuzi hizo kwa kuipandisha feni kutoka mizunguko 3,000 hadi 4,000, unapata theluthi moja zaidi ya hewa na unalipa umeme zaidi ya mara mbili. Mjini Ifakara, ambako vumbi la barabara na la mashine za kukoboa mpunga huingia hadi ndani ya kabati, mara nyingi nyuzi hizo zinapatikana kwa rahisi zaidi: fungua kompyuta, safisha mapezi ya chuma cha kupozea, hakikisha hewa ya moto inayotoka nyuma hairudi mbele. Baada ya hapo ndipo tuzungumzie kasi.

Sasa shika feni ya seva mkononi na uigeuze usome lebo. Utaona volti, ampea, na mshale wa upande inakozungukia. Kisha tazama nyaya. Zikiwa mbili, ni chanya na hasi tu, na feni haina njia ya kusikia wala kusema. Zikiwa tatu, ule wa tatu unatoa mapigo mawili kila mzunguko: ukihesabu mapigo 100 kwa sekunde, feni inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Zikiwa nne, wa nne ni wa amri. Intel waliweka utaratibu wa feni za nyaya nne, na toleo lao la Septemba 2005 bado linafuatwa na wengi: amri hupelekwa kwa mapigo ya kuwasha na kuzima yapatayo 25,000 kwa sekunde, na kadiri muda wa kuwasha unavyozidi ule wa kuzima ndivyo feni inavyokimbia. Volti ya waya huo haipaswi kuzidi 5.25.

Hapa rangi zinaua vifaa. Kwa utaratibu wa Intel, waya wa njano ni wa volti 12. Kwenye feni nyingi za seva za Sanyo Denki, njano ni waya wa kusoma mapigo. Kwenye feni nyingi za Delta, njano ndio waya wa amri. Fundi aliyezoea njano kuwa chanya akiiunganisha feni ya Delta kwa mazoea, ataupelekea volti 12 waya usiostahimili zaidi ya 5, na feni nzima itapona mwili ikafa masikio: itazunguka kwa kasi moja tu, au isizunguke kabisa. Karatasi ya maelezo ya feni hupatikana kwa kuandika namba iliyo kwenye lebo, na kuisoma huchukua muda mfupi kuliko kutafuta feni nyingine. Vipuri vya kompyuta zilizotumika hutoka Dar es Salaam vikiwa vimekatwa soketi zake, kwa hiyo rangi ndiyo mara nyingi inayobaki, nayo haitoshi.

Njia za hatari zinafaa kusemwa moja moja, maana kila moja ina watetezi wake. Rezista ndiyo kongwe. Feni yetu ya ampea 2 ukitaka iende kwa volti 8, itahitaji kiasi cha ampea 0.9, na volti 4 zinazobaki zitageuka joto ndani ya rezista: wati 3 na nusu. Rezista ndogo ya robo wati itatoa moshi. Ile nyeupe ya wati 5 itastahimili, ila itakuwa ya moto kiasi cha kulainisha plastiki iliyo karibu. Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye kuanza. Feni ikiwa imesimama huvuta umeme mwingi kuliko ikiwa mwendoni, na kadiri inavyovuta ndivyo rezista inavyoinyang'anya volti, hata ikashindwa kuanza. Itabaki inatetemeka pale, umeme unapita, koili inapata joto. Feni za kisasa nyingi zina kinga inayokata na kujaribu tena. Za bei rahisi hazina.

Ujanja wa kupata volti 7 kwa kufunga feni katikati ya waya wa volti 12 na wa volti 5 wa pawasaplai ya kompyuta unapendwa kwa sababu hauhitaji kununua kitu. Siutaki kabisa kwa feni kubwa. Umeme wa feni unasukumwa kuingia kwenye laini ya volti 5, laini iliyotengenezwa kutoa na si kupokea, na feni hiyo ikipata shoti ndani, volti 12 zinaingia moja kwa moja kwenye diski na kila kinachokula volti 5. Kumpotezea mtu mafaili yake ya miaka ili feni ipunguze kelele ni biashara mbaya.

Regyuleta ya ukutani ya pangaboi haihusiki hapa hata kidogo. Ile ni ya umeme wa TANESCO wa volti 230, na feni ya kompyuta ni ya umeme wa moja kwa moja wa volti 12. Kinachochanganya zaidi ni kukatakata umeme mkuu wa feni ya nyaya mbili kwa transista. Kwa mota ya kawaida yenye brashi, kama zile ndogo za mitego ya zamani, njia hii inafaa, mradi dayodi ifungwe sambamba na mota ili kumeza umeme unaorudi kila transista inapozima. Lakini feni ya kompyuta ina ubongo wake ndani unaozigawia koili zamu. Kuukatia ubongo huo umeme mara elfu kadhaa kwa sekunde ni kuuzima na kuuwasha mfululizo: feni inanguruma, inasitasita, mapigo yake ya kusoma yanakuwa ya uongo, na vipande vyake vya ndani vinachoka mapema.

Njia njema ni mbili, na si ghali. Kwa feni ya nyaya mbili au tatu, tumia bodi ndogo ya kushusha volti, ile yenye koili na kiskurubu cha kurekebishia, iliyoandikwa ampea mara moja na nusu au mbili ya zile za feni. Inabadilisha umeme badala ya kuuunguza, kwa hiyo inapata joto kidogo na betri inafaidika. Rekebisha volti kwanza feni ikiwa haijafungwa, ukipima kwa mita, ndipo uiunganishe. Kisha tafuta volti ambayo feni yako inaanzia bila kusaidiwa, wala si ile inayoweza kuendelea nayo ikishaanza, na usiweke mwendo chini ya hapo.

Kwa feni ya nyaya nne, amri inaweza kutoka kwenye bodi ya kompyuta au kwenye kikompyuta kidogo cha bodi moja kama Arduino. Hapa kuna mawili ya kuangaliwa. Arduino Uno ikiachwa ilivyo hutoa mapigo 490 kwa sekunde kwenye pini zake nyingi, mbali sana na 25,000, na feni inaweza kunung'unika au kupuuza amri. Muda wa mapigo lazima ubadilishwe kwenye programu. La pili, waya wa amri ulikusudiwa kuvutwa chini kwa transista, kwa kuwa feni yenyewe ndiyo inayouinua. Transista ikiwekwa katikati, amri inageuka kichwa chini: ukiagiza asilimia 30, feni inasikia 70. Wengi hulijua hili feni ikiwa tayari inavuma.

Nyaya na fyuzi sitavirefushia maneno, ingawa vikipuuzwa ndivyo vinavyochoma nyumba. Betri ya ampea-saa 7 ikipigwa shoti inaweza kumwaga zaidi ya ampea 100 kwa muda mfupi, zinazotosha kuuyeyusha waya mwembamba ndani ya ukuta wa fito. Fyuzi ya ampea 3 kwa feni ya ampea 2, na ikae karibu na betri, si karibu na feni. Waya mwembamba pia huiba volti: mita 10 kwenda na 10 kurudi, kwa waya wa milimita mraba 0.75, ampea 2 zinapoteza karibu volti 1 njiani.

Turudi kwenye mtego, maana huko ndiko jambo lilipo tajiri zaidi. Mbu huruka kwa mwendo wa takriban mita 1 kwa sekunde. Feni ikivuta hewa polepole kuliko hapo mdomoni mwa mtego, mbu aliyesogea anaondoka zake. Ikivuta kwa nguvu mno, tatizo linahamia maabara. Katika mtego wa CDC mbu hupita katikati ya mapanga ndipo afike kwenye mfuko. Katika BG-Sentinel, ambao BG-Malaria umetokana nao, mfuko uko kabla ya feni. Tofauti hiyo inaonekana asubuhi chini ya darubini. Mtu anayetenganisha mbu anatazama miguu na mabawa: wa kundi la Anopheles gambiae ana madoadoa meupe kwenye miguu, Anopheles funestus ana miguu myeusi. Mbu aliyekatwa miguu yote na kuchubuliwa magamba ya mabawa hana cha kusoma, na anabaki wa kupimwa vinasaba kwa gharama au kuandikwa kuwa hakutambulika.

Na kutambua si jambo la pembeni katika Kilombero. Utafiti wa Emmanuel Kaindoa na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba funestus, ingawa ni wachache kuliko Anopheles arabiensis wa kundi la gambiae, ndio walioonekana kubeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi katika vijiji vilivyochunguzwa. Mahali ambapo mbu wachache wana uzito mkubwa namna hiyo, kuwakosa kumi kwa sababu betri ilichoka ni kukosea hadithi nzima.

Betri huchoka kwa namna ambayo haionekani. Betri ya risasi iliyojaa husimama kwenye volti 12.7, na kuelekea alfajiri inaweza kuwa 11.6. Feni iliyofungwa moja kwa moja itakuwa imepoteza kama asilimia 9 ya mizunguko na asilimia 17 ya msukumo, tena katika saa zile za baada ya usiku wa manane ambazo funestus yuko kazini. Ukilinganisha mbu wa saa 2 usiku na wa saa 10 alfajiri kwa mtego huo, umelinganisha vipimo viwili tofauti. Dawa yake, kwa maoni yangu, ni kuchagua feni yenye nguvu kuliko inavyohitajika na kuiendesha chini: bodi ya kushusha volti ikiwekwa kwenye 9, betri ikiwa 12.7 au 11.6 feni haitajua tofauti. Hapo ndipo feni ya seva inapokuwa na maana kijijini, kwa akiba yake na si kwa ukali wake. Kontrola ya sola nayo iwekwe ikate betri kabla haijashuka mno, la sivyo betri ya risasi haitamaliza msimu.

Kwamba yote haya yanawezekana kwa kiwango kikubwa kulionekana kisiwani Rusinga, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Mradi wa SolarMal, ulioendeshwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE na Chuo Kikuu cha Wageningen kati ya 2012 na 2015, uliweka mitego ya Suna yenye feni za volti 12 kwenye nyumba za kisiwa kizima, ikiendeshwa kwa sola iliyowapa wenyeji pia taa na chaji ya simu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2016 yalionyesha malaria ikiwa chini kwa karibu asilimia 30 katika maeneo yenye mitego, na funestus wakipungua kwa karibu asilimia 70. Somo la umeme lililomo humo ni kwamba feni ililala nyumba moja na taa na simu. Feni inayokula wati 24 ingewanyima watu mwanga, na mtego unaowanyima watu mwanga hung'olewa.

Limebaki swali la udhibiti unapokufa, na majibu yake mawili yanapingana. Kwa kompyuta, utaratibu wa Intel uliamua vizuri: waya wa amri ukikatika, feni inakimbia kwa kasi yote. Kelele zitakuudhi lakini chipu itapona. Kwa mtego, kasi yote ni hasara, kwani inamaliza betri kabla ya saa 6 usiku na kuwasaga mbu. Kusimama nako ni hasara nyingine: pasipo kizuizi cha kujifunga, walionaswa wanatoka kwa mlango walioingilia, na asubuhi mfuko mtupu unasomeka kama nyumba isiyo na mbu. Kwa hiyo waya wa tatu, ule wa mapigo, una thamani zaidi kwenye mtego kuliko kwenye kompyuta. Kikompyuta kiuhesabu kila dakika na kuandika saa. Mizunguko ikitoka nje ya kiwango kilichowekwa, kikate umeme, kizibe mdomo wa mtego kama kuna kizibo, na kiandike muda. Usiku ambao feni ilisimama saa 8 usijazwe kwa kukisia. Uandikwe kuwa haukukamilika, na mtego urudishwe kwenye nyumba ileile usiku mwingine.